Kuku ya msaada: nani anahesabu kilo?



Leo tutaongea juu ya kuku. Tunaona wengine wenu munacheka. Munasema: kuko vita, kuko barabara zilizokufa, kuko walimu wenye hawalipwi, na ninyi munatuletea habari ya kuku? Ndiyo, tunaleta kuku. Tulikuwa tunatafuta sheria moja yenye inafuata chakula cha msaada kutoka mkono wa serikali mpaka kwenye sahani ya mtoto, hatua kwa hatua, kilo kwa kilo. Sheria ya namna ile tumeipata, na inagusa kuku sana. Si ya hapa kwetu, ni ya Marekani, kwa watoto wa Marekani. Tuisikilize kwanza, kisha tutarudi nyumbani.

Tuanze na sababu. Mwaka 1935, wakati wakulima wa Marekani walikuwa wameangushwa na shida kubwa ya uchumi, bunge lao lilipitisha sheria yenye kifungu cha 32. Kile kifungu kinasema kwamba asilimia 30 ya ushuru wa forodha inawekwa pembeni kila mwaka ili serikali inunue mazao yenye yamezidi sokoni. Bei ikianguka, serikali inaingia na kununua, na mkulima hapotezi kila kitu. Sasa chakula kilichonunuliwa kinaenda wapi? Kinapewa watu: masomo, wazee, wenye njaa. Mwaka 1946, Rais Truman alitia sahihi sheria ya chakula cha mchana mashuleni, na toka pale masomo yalikuwa mlango mkubwa wa kile chakula.

Tusidanganyane, wandugu. Ule mpango haukuzaliwa kwa huruma peke yake. Ulizaliwa kwa kumlinda mkulima wao, na leo unasaidia pia makampuni makubwa ya kuku yenye yana nguvu sana kule. Tunalisema mapema ili mtu asifikiri tumekuja hapa kusifia Amerika. Hatukuja kusifia mtu.

Sasa, kuku yenyewe. Serikali inanunua kuku nyingi, malori mazima. Lakini masomo mengi hayana jiko la kukata, kuosha na kupika kuku mbichi ya namna ile. Kwa hiyo lori haliendi kwenye masomo. Linaenda kwenye kiwanda. Kiwanda kinaikata, kinapaka unga, kinaikaanga, kinaigandisha, na masomo yanapokea maboksi ya vipande vyenye viko tayari kuwekwa kwenye oveni. Masomo hayalipi thamani ya kuku, maana kuku ni ya msaada. Yanalipa kazi ya kiwanda na vile vitu vingine vyenye vimeongezwa.

Hapo njo shida inaanza, na munaiona bila sisi kuwafasiria. Kuku ya umma imeingia ndani ya nyumba ya mfanyabiashara. Mlango umefungwa. Ndani kuko kuku yake mwenyewe, yenye anauza sokoni, na kuku ya watoto. Mashine ni moja. Nani atajua ni ipi ilitoka na ipi ilibaki? Wakati wa kuhesabu, nani atasimama pale?

Sheria yao inajibu maswali yale moja moja. Iko ndani ya kanuni za wizara yao ya kilimo, sehemu ya 250, na waliiandika upya mwaka 2018. Hatutawasomea yote, ni ndefu na maneno yake ni ya wanasheria. Lakini kuko mambo yenye tulisimama juu yake.

Kwanza, hakuna kilo inayoingia kiwandani bila kontra. Kiwanda chenye kinahudumia majimbo mengi kinaweka sahihi na serikali kuu. Chenye kinahudumia jimbo moja kinaweka sahihi na jimbo. Na kabla ya kupokea chakula, kiwanda kinaweka garanti ya pesa, kwa benki ama kwa kampuni ya bima, yenye inahesabiwa kwa kufuata thamani ya chakula chenye kitashika. Chakula kikipotea, serikali haikimbii nyuma ya mwenye kiwanda na kumbembeleza. Inachukua ile garanti.

Pili, na hapa tunaomba musikilize vizuri, kila kitu chenye kitatengenezwa kina karatasi yake. Ile karatasi inaandika: kuku ya msaada kiasi fulani itaingia, vitu vingine kiasi fulani vitaongezwa, maboksi fulani yatatoka, kila boksi na uzito wake, kila kipande na uzito wake. Karatasi inakubaliwa mbele ya kazi, si nyuma. Kwa hiyo mtu hawezi kuja kusema baadaye, "Mutusamehe, kuku ilipungua jikoni."

Maana tunajua wote kwamba chakula kinapungua jikoni. Mama yeyote hapa anajua: unanunua kilo ya nyama, ukipika haibaki kilo. Kuku inatoa maji, inatoa mafuta, kuko vipande vinaanguka. Sheria haikatai hiyo. Inachokataa ni kwamba upungufu ule uwe mfuko wa kuficha. Inaweka njia za kuhesabu. Njia moja: kila kilo ya msaada yenye iliingia lazima irudi ndani ya chakula chenye kinatoka, na kama kuko yenye ilipotea kwenye mashine, kiwanda kinaweka kuku yake mwenyewe mahali pale, ya ubora sawa ama kupita. Njia nyingine: wanakubaliana tangu mwanzo kwamba kutoka kwa kiasi hiki cha kuku, yatatoka maboksi haya, basi. Yakitoka machache, kiwanda kinajaza ama kinalipa.

Tuchukue mfano wetu wenyewe, wa kufikiri tu. Kiwanda kimepokea kilo 1000, na karatasi inasema kilo 10 za kuku katika kila boksi. Maboksi 100 yanangojewa. Yametoka 94. Hapa kwetu, yale sita yangekuwa hadithi: yaliharibika, yalikaa kwenye barabara, mvua ilinyesha, askari aliomba kidogo. Kule yale sita ni deni lenye lina jina la mtu.

Tatu ni jambo la kubadilisha. Hili njo lilitushangaza zaidi, na kusema kweli kati yetu lilileta ubishi. Sheria inaruhusu kiwanda kutumia kuku yake ya biashara mahali pa kuku ya serikali. Inaweza hata kuanza kutengeneza mbele lori la serikali halijafika. Wa kwanza kati yetu kusoma pale alisema, "Munaona? Hata wao njo ile ile, mlango wa wizi uko wazi." Tuliendelea kusoma. Kuku yenye inawekwa mahali pa nyingine lazima iwe ya aina ile ile, itoke Marekani, na iwe ya ubora ule ule ama kupita, kwa vipimo vyote vyenye serikali inadai inaponunua. Kwa nyama ya ng'ombe, ya nguruwe na kuku, lazima idhini itolewe mbele ya kubadilisha. Na kama kiwanda kilitangulia, kisha soko likabadilika na serikali ikashindwa kununua ama kufikisha ile kuku, hasara ni ya kiwanda. Si ya mtoto, si ya masomo.

Juu ya nini waliruhusu? Sababu ni ya kazi. Kuku mbichi haingoji. Ikibidi kiwanda kisimamishe mashine, kisafishe, kitengeneze kuku ya msaada peke yake, kisha kisafishe tena, gharama inapanda, na gharama ile masomo njo yataibeba. Kwa hiyo wamesema: hatuhesabu kuku gani, tunahesabu kilo ngapi na za ubora gani. Sisi tunaona ni busara. Wengine kati yetu bado hawajakubali, na ni haki yao. Lakini kuko mahali moja ruhusa inakatwa kabisa: chakula chenye kilishafika kwenye depo ya jimbo ama ya masomo, kisha kikarudishwa kiwandani ili kitengenezwe. Kile hakibadilishwi, maana kilishapita mikononi, na hakuna mwenye anajua vizuri kilikaa namna gani. Mtu akipeleka kitu cha zamani, asipewe nafasi ya kukificha ndani ya kipya.

Kuku inatengenezwa chini ya macho ya wakaguzi wa wizara. Kiwanda njo kinalipa kazi ya ukaguzi, lakini hakiwaajiri. Rapoti inatolewa kila mwezi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kiwanda hakiruhusiwi kuweka akiba ya kupita miezi sita bila ruhusa. Vitabu vinahifadhiwa miaka mitatu. Na thamani ya kuku ya msaada lazima ionekane kwenye fakture, ama kwa kupunguza bei, ama kwa kurudisha pesa, ili mwenye masomo aone kwa macho yake kwamba hakulipishwa kitu chenye kilikuwa chake.

Hili la mwisho tulilipenda sana. Maana njia ya kuiba msaada si kubeba gunia usiku peke yake. Unaweza kumfikishia mtu msaada wake wote na bado ukamwibia, kama unamuuzia kile chenye alipaswa kupewa bure.

Sasa, turudi nyumbani.

Zile kanuni za sehemu ya 250 ni za ndani ya Marekani na visiwa vyake. Hazigusi msaada wenye Marekani ilikuwa inatuma inje. Ule ulikuwa na sheria nyingine, ya mwaka 1954, na hapa kwetu haukuja kama kuku. Ulikuja kama unga, mbaazi za njano, na mafuta ndani ya mikebe yenye bendera. Wengi wenu hapa mumeshika ile mikebe. Wengine mumeigeuza taa, ama kipimo cha kuuzia mchele. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilifunga USAID, na mwenye alikuwa anahesabu mikebe ile haiko tena. Tuseme pia kwamba kuku ya Marekani tunaijua kwa njia nyingine. Wao wanapenda kidari. Mapaja yanabaki, na yanauzwa inje kwa bei ndogo, mpaka kwenye vyumba vya baridi vya Afrika. Yanaingia pamoja na kuku ya Brazil na ya Ulaya, na mama mwenye anafuga kuku ishirini nyuma ya nyumba anashindana na kiwanda chenye hakijui hata jina la mji wake. Hiyo ni mada ya siku ingine, lakini tusijifanye hatuioni.

Swali letu la leo ni dogo zaidi. Chakula cha msaada kinapofika hapa kwetu, kwenye kantini ya masomo, kwenye kambi ya wakimbizi wa vita, kwenye zahanati kwa watoto wenye utapiamlo, nani anatoa karatasi? Si karatasi yenye inaenda Kinshasa, Geneva ama Roma. Karatasi yenye mama anaweza kuisoma kwenye ukuta.

Tunajua kuko wizi wenye karatasi haiwezi kuuzuia. Februari 2025 depo za PAM huko Bukavu ziliporwa, na PAM yenyewe ilisema karibu tani 7000 za chakula zilienda. Mbele ya bunduki na mbele ya watu wenye njaa waliovunja mlango, garanti ya benki haisaidii kitu. Hatuongei juu ya siku ile. Tunaongea juu ya siku zingine zote, siku za amani ndogo, wakati lori linafika saa nne asubuhi, komite iko, liste iko, watu wamepanga mstari, na bado kilo hazitoshi.

Tunajua pia kwamba wakubwa wa misaada hawakukosa kuambiwa. Mwaka 2020 gazeti la The New Humanitarian lilichapisha habari ya uchunguzi juu ya udanganyifu ndani ya misaada hapa Kongo: liste zenye majina ya uongo, watu wenye wanaombwa kitu ili waandikwe, biashara kati ya wafanyakazi, wauzaji na wakubwa wa mahali. Watu wa kwetu waliposikia hawakushangaa. Walisema, "Kumbe mulikuwa hamujui?"

Kwa hiyo hatuhitaji kunakili sheria ya Marekani. Hatuna viwanda vile, na wakaguzi wa serikali yetu tunajua wanalipwa namna gani. Ukimpa mkaguzi mwenye njaa kuku ya kuhesabu, umemtega. Sheria nzito inaweza pia kuua wadogo: hata kule Marekani, kampuni ndogo inapata taabu kubeba garanti na rapoti zile zote, na kubwa zinabaki peke yake. Tukiweka mzigo kama ule hapa, mama mwenye anatengeneza unga wa uji kwa kinu chake kimoja hataweza kuuza kwa kantini hata siku moja. Atashinda mwenye ana ofisi na mwanasheria mjini. Tunaukataa ule mzigo.

Tunachukua vitu vichache tu. Tunataka kila kantini na kila ugawaji uwe na karatasi ya mbele: kilo ngapi zitakuja, kila jamaa ama kila mtoto atapata ngapi. Iandikwe kwa Kiswahili na Kifaransa, ibandikwe ukutani siku moja mbele. Pale ugawaji unaisha, iandikwe pembeni kilichofika kweli na kilichobaki, na sahihi za komite, za shirika, na za wamama wawili wenye hawako kwenye komite. Kama chakula kimepita kwa mtu wa kukitengeneza, anayesaga mahindi ama anayepika, iandikwe aliingiza kilo ngapi na akatoa ngapi. Mahindi yakisagwa yanatoa pumba. Sawa. Pumba ni za nani? Zinauzwa na nani? Musicheke, pumba ni pesa, wafuga nguruwe wanajua.

Na kama kitu kimebadilishwa, mchele mahali pa unga, mafuta ya hapa mahali pa mafuta ya inje, tuambiwe mbele, na ubora uwe ule ule ama kupita. Mara nyingi tumeona watu wakipewa kitu kingine na kuambiwa washukuru tu. Mtu ana haki ya kushukuru na kuhesabu siku moja.

Kuko wenye watatuambia: ninyi vijana, mukisumbua mashirika, yataondoka, na watu watakufa njaa kwa sababu yenu. Tunalisikia neno hilo toka zamani, na tunalichukua kwa uzito, maana wenye wanalisema si wote wabaya. Wengine ni wapapa wenye wanaogopa kweli. Lakini muangalie: msaada ulipokatwa juzi juzi, haukukatwa kwa sababu mama mmoja aliuliza kilo zake. Ulikatwa na watu wenye hawajawahi kutuona.

Tena hatuombi kama zawadi. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya na ya usalama wa chakula inalindwa. Kifungu cha 24 kinatupa haki ya kupata habari. Na kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani, peke yake ama pamoja na wengine, haki ya kupeleka petisyo kwa mamlaka, na mamlaka ina miezi mitatu ya kujibu. Miezi mitatu. Tutahesabu siku, kama vile wenzetu wanahesabu kuku.

Wenye wanaongoza mahali hapa leo, hata wawe nani, na hata walifika kwa njia gani, wakishika depo wameshika pia deni la kujibu. Katika hili hatuchagui nani wa kuuliza na nani wa kuogopa.

Kazi iko hivi. Petisyo imeandikwa, ni ukurasa mmoja, tutaisoma sasa kwa sauti kwa Kiswahili mbele ya mtu yeyote kutia sahihi. Mwenye anaona neno halifai, aseme, tutalibadilisha hapa hapa. Kisha tunahitaji watu wawili kwa kila avenue, mmoja awe mama, wenye watasimama kwenye ugawaji ujao na daftari na kalamu. Hawatapigana, hawatapiga kelele, hawatabeba gunia la mtu. Wataandika: saa lori lilifika, magunia yaliyoshuka, watu waliopokea, kilo kwa mtu, na kilichorudi. Mizani moja tumeshaipata, ya kutundika, inapima mpaka kilo 50. Tunatafuta ya pili.

Wenye hawajui kuandika wataweka kidole, wino uko hapa mezani. Tuanze na mstari wa mbele.